Waraka ni nusu ya kuonana: habari ndogo za nyumbani baina ya mume na mke

Buterere ni sehemu ya jiji la Bujumbura iliyoko upande wa kaskazini, katika tambarare ya Imbo, karibu na uwanja wa ndege wa kimataifa. Wengi wa wakazi wake ni watu wa kipato kidogo, wanaoishi kwa kilimo cha mboga na mpunga, kwa uchuuzi, kwa ufundi na kwa vibarua vya kila siku. Mvua zikizidi, maji huingia majumbani, na akina mama huonekana wakianika magodoro juani na kupandisha magunia ya unga mahali pa juu.

Kama ilivyo katika mitaa mingi ya jiji, si kila nyumba ya Buterere ina baba na mama chini ya paa moja. Wapo waume waliovuka mpaka kutafuta riziki Uvira, Kigoma au mbali zaidi. Wapo pia wake waliopanda ndege kwenda kufanya kazi za nyumbani katika nchi za Ghuba, nao wamewaacha watoto kwa baba au kwa bibi yao. Ndoa za watu hawa huishi kwa maneno tu, yaani maneno yanayopitia katika simu.

Mazungumzo hayo, aghalabu, ni mafupi mno. Mmoja huuliza kama fedha zimefika. Mwingine hujibu kuwa zimefika, ila hazikutosha. Huulizwa kama watoto ni wazima, hujibiwa kuwa ni wazima, na simu hukatwa. Mwezi unaofuata maneno ni yale yale. Baada ya miaka miwili au mitatu mume na mke hujikuta wakifahamiana kama mdai na mdaiwa, na kila mmoja hushangaa jinsi mwenzake alivyobadilika.

Wahenga walisema kwamba waraka ni nusu ya kuonana. Lakini si kila waraka huleta nusu hiyo. Waraka unaowakutanisha watu ni ule unaobeba habari za nyumbani zenyewe: mtoto ameota jino, paa linavuja upande wa jikoni, jirani amejifungua, mbuzi amekula mchicha wote. Habari hizi huonekana kuwa ndogo, na kwa sababu hiyo wengi huona haya kuzitaja wakati salio la simu linapungua. Ukweli ni kwamba ndizo zinazomfanya mtu aliye mbali aendelee kuwa mwenye nyumba badala ya kuwa mgeni wake.

Ushahidi wa jambo hili umo katika maisha ya mume na mke wa Kiingereza wa karne ya 19, ambao jina lao si geni katika ufuko huu wa Ziwa Tanganyika. Hao ni Daktari David Livingstone na Bibi Mary, mkewe. Kule Mugere, mwendo wa kilomita zaidi kidogo ya kumi kusini mwa Bujumbura, lipo jiwe kubwa lililochorwa jina la Livingstone na la Stanley pamoja na tarehe 25 Novemba 1871. Watu wengi hulitembelea jiwe hilo na kukumbushwa habari za safari. Ni wachache wanaokumbuka kwamba msafiri huyo alikuwa pia mume na baba, na kwamba nyumba yake ililipa gharama kubwa ya safari hizo.

Nyumba ya Kolobeng

Mary alizaliwa mwaka 1821 katika nchi ambayo leo ni Afrika Kusini. Wazazi wake, Robert na Mary Moffat, walikuwa wamisionari mashuhuri wa Kuruman, na binti yao alikua akisema Kitswana pamoja na Kiingereza. David Livingstone alitoka Uskoti, ambako alianza kazi katika kiwanda cha nguo za pamba akiwa mtoto wa miaka kumi. Walifunga ndoa Kuruman mwezi wa Januari 1845, muda si mrefu baada ya Livingstone kujeruhiwa mkono na simba.

Makao yao ya mwisho ya pamoja yalikuwa Kolobeng, katika nchi ya Botswana ya leo. Maisha ya hapo yalikuwa ya kujitegemea kwa kila kitu. Mume alijenga nyumba, akafua vyuma, akatengeneza magari ya kukokotwa na ng'ombe na kulima bustani. Mke alitengeneza siagi katika mtungi, mishumaa katika kalibu, na sabuni kwa kuchemsha mafuta pamoja na maji ya majivu. Mkate waliuoka kwa kuwasha moto mahali tambarare, kuufagia, kuweka kinyunga na kukifunika kwa chungu chenye makaa juu yake. Zaidi ya hayo Bibi Mary alifundisha watoto wadogo wa kijiji.

Katika nyumba ya namna hiyo habari hazihitaji karatasi. Mume akiingia jioni huona mwenyewe kwamba sabuni imeganda vizuri, kwamba mtoto ana homa, kwamba mama amechoka. Kati ya mwaka 1846 na 1851 watoto watano walizaliwa: Robert, Agnes, Thomas, Elizabeth na William Oswell. Elizabeth alifariki mwaka 1850 akiwa na umri wa wiki sita hivi, baada ya safari ngumu ya jangwani ambayo mama yake aliifanya akiwa mjamzito. Mama mwenyewe alishikwa kwa muda na ugonjwa uliompoozesha upande mmoja wa uso. Oswell naye alizaliwa safarini mwaka 1851. Mama yake Mary alimwandikia mkwewe barua kali akimlaumu kwa kumburura binti yake na watoto porini, wala hakuna mama mkwe asiyeweza kuielewa hasira hiyo.

Livingstone aliamua kuwa hawezi kuendelea na safari akiwa na familia, wala hawezi kuacha safari. Mwezi wa Aprili 1852 aliwapandisha Bibi Mary na watoto wanne katika meli huko Cape Town waende Uingereza. Yeye akarudi bara.

Barua zilizopotea

Uingereza aliyoikuta Bibi Mary ilikuwa nchi ya barua. Malkia Victoria alikuwa ametawala tangu mwaka 1837, na mwaka 1840 posta ilikuwa imebadilishwa kabisa. Kabla ya hapo aghalabu mpokeaji ndiye aliyelipia barua, na ada ilipanda kadiri umbali ulivyozidi, hata maskini waliogopa kupokea barua. Tangu mwaka 1840 mwandishi alilipa penii moja tu kwa barua ya kawaida kwenda popote katika nchi ile, akabandika stempu, na barua ikaenda. Mume aliyefanya kazi mji wa mbali aliweza kujua upesi kwamba mwanawe ameshikwa na kikohozi, na mke aliweza kujua upesi kwamba mumewe amebadilisha chumba. Habari ndogo za nyumbani zilipata njia yake.

Ila penii moja haikuweza kufikisha barua katikati ya Afrika. Mara tu baada ya kuachana, mwezi wa Mei 1852, Livingstone alimwandikia mkewe kwamba anamkosa sana yeye na watoto. Alimwagiza awakusanye watoto wote na kuwabusu kwa niaba yake. Alikiri pia kwamba mkewe amekuwa baraka kubwa kwake. Ni barua ya mtu ambaye nyumba imemkimbia ghafula, naye anaanza kuiona thamani yake.

Kisha kimya kikaingia. Livingstone alivuka bara hadi Luanda katika pwani ya Angola, akafika mwezi wa Mei 1854 akiwa mgonjwa. Alitarajia kukuta barua za nyumbani, lakini hakukuta hata moja. Barua, taarifa na ramani alizoandika yeye alizikabidhi kwa meli iliyoitwa Forerunner. Meli hiyo ilizama karibu na kisiwa cha Madeira mwaka huo huo, na habari ilipomfikia akiwa njiani kurudi ndani ya bara, ilimbidi aketi na kuandika upya. Alipofika Quelimane, pwani ya Msumbiji, mwezi wa Mei 1856, alieleza kwamba alikuwa amekaa miaka mitatu bila kupata habari za familia yake. Watu walimwandikia mara nyingi, lakini isipokuwa barua moja tu, hakuna iliyomfikia.

Mbali huko Uingereza, Bibi Mary naye alikuwa katika dhiki. Nchi ile ilikuwa ngeni kwake, kwani utoto wake wote ulikuwa Afrika. Hakupatana na jamaa za mumewe wa Uskoti. Alihama kutoka nyumba hadi nyumba pamoja na watoto, akaishi katika vyumba vya kupanga, na mara kadhaa ilimlazimu kuwaandikia wakubwa wa Chama cha Misheni cha London, waajiri wa mumewe, awaombe fedha za matumizi. Fikiria hali ya mama anayelazimika kueleza matatizo ya nyumba yake kwa wageni wa ofisini, kwa sababu mwenye haki ya kuyasikia hayuko na wala hasikii. Wahenga wamesema fimbo ya mbali haiui nyoka.

Livingstone alirudi Uingereza mwezi wa Desemba 1856 akiwa mtu maarufu. Mkewe alimtungia shairi la kumkaribisha. Lakini watoto walikuwa wamekua bila yeye, na baba huyo alikuwa amesahau sehemu kubwa ya lugha yake ya Kiingereza kwa kutoitumia.

Mtoto aliyechelewa kujulikana

Mwaka 1858 Livingstone alianza safari ya mto Zambezi. Safari hii Bibi Mary alifuatana naye pamoja na Oswell. Walipokaribia Cape Town ilidhihirika kwamba ni mjamzito, ikabidi ashuke na kwenda kwa wazazi wake Kuruman. Huko, tarehe 16 Novemba 1858, alijifungua binti akaitwa Anna Mary.

Ni ada ya ulimwengu mzima kwamba mtoto akizaliwa baba ndiye wa kwanza kupashwa habari. Katika nyumba hii haikuwa hivyo. Barua ya Bibi Mary iliyoeleza kwamba amepata mtoto wa kike mwenye afya njema ilimfikia mumewe huko Zambezi mwezi wa Novemba 1859, yaani baada ya karibu mwaka mzima. Baba alimwombea Mungu mtoto mchanga, hali mtoto huyo bila shaka alikuwa ameshaota meno. Hakumwona kwa macho yake hadi mwaka 1864, naye binti alikuwa na miaka mitano. Baba na mwana walikutana kama watu wawili wasiojuana.

Mwanzoni mwa mwaka 1862 Bibi Mary alifika mlango wa Zambezi ili aungane tena na mumewe. Muda wa kuwa pamoja haukuzidi miezi mitatu. Alishikwa na homa ya malaria, akafariki Shupanga tarehe 27 Aprili 1862, akazikwa chini ya mbuyu. Waliokuwapo walimwona mume akilia kama mtoto. Ndoa yao ilidumu miaka 17, na karibu nusu ya miaka hiyo waliishi mbalimbali. Barua nyingi za mume zimehifadhiwa hadi leo. Za mke zilizosalia ni chache mno, na kwa hiyo sauti ya mama huyo inasikika kwa mbali tu.

Livingstone hakuwa baba asiyependa watoto. Yeye mwenyewe aliandika kwamba alijuta kwa kutocheza na watoto wake vya kutosha walipokuwa wadogo kule Kolobeng, kwa kuwa kila jioni alikuwa amechoka mno kwa kazi. Majuto hayo yalikuwa mazito zaidi kwa ajili ya Robert, mwanawe wa kwanza. Kijana huyo alikwenda Afrika Kusini mwaka 1863 kumtafuta baba yake, akaishia Natal pasipo njia ya kumfikia. Kutoka huko alikwenda Marekani, akajiunga na jeshi la upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Hakujiandikisha kwa jina lake. Alijiita Rupert Vincent, na katika barua kwa baba yake alieleza kwamba hakutaka kulitia aibu jina la Livingstone. Alifariki mwezi wa Desemba 1864 katika kambi ya mateka ya Salisbury, jimbo la North Carolina, akiwa na umri wa miaka 18. Mtoto huyo na baba yake walikuwa wakifahamiana kwa karatasi tu, na karatasi zenyewe zilikuwa chache.

Mfuko wa Ujiji

Miaka saba baadaye Livingstone alikuwa Ujiji, mzee na mgonjwa. Stanley alipomkuta huko mwezi wa Novemba 1871, kwa hesabu yake, alikuwa na mfuko wa barua uliotoka Unguja tarehe 1 Novemba 1870 na kukwama Unyanyembe, karibu na Tabora. Stanley amesimulia kwamba Livingstone aliufungua mfuko, akazitazama barua, na akasoma moja au mbili za watoto wake. Baada ya hapo ndipo alipotaka kusikia habari za dunia. Habari hizo zilikuwa kubwa, maana mfereji wa Suez ulikuwa umefunguliwa na Ufaransa ilikuwa imepigwa vita na Wajerumani. Hata hivyo mzee huyo alitanguliza habari za watoto.

Siku chache baadaye watu hao wawili walipanda mtumbwi na kufuata pwani hii kuelekea kaskazini. Walipita Mugere, wakafika mahali mto Rusizi unapokutana na ziwa, wakathibitisha kwamba maji ya mto huo yanaingia ziwani wala hayatoki. Mlango wa mto huo hauko mbali na Buterere. Livingstone alipouona, mkewe alikuwa kaburini kwa miaka tisa, na barua mpya za mkewe hazikuwa za kutarajiwa tena katika mfuko wowote.

Ziwa hili hili lilishuhudia ndoa nyingine ya Kiingereza iliyochagua njia tofauti. Edward Coode Hore, baharia aliyetumwa na Chama cha Misheni cha London, alifika Ujiji mwaka 1878. Baadaye alioa, na mkewe, Bibi Annie, hakukubali kuachwa nyuma. Alisafiri kutoka pwani hadi Ujiji pamoja na mtoto wao mdogo, huku akibebwa na wapagazi katika kiti cha magurudumu, wakafika mapema mwaka 1885 baada ya siku tisini za njia. Mwaka 1886 kitabu chake kuhusu safari hiyo kilichapishwa London. Mume na mke waliishi katika kisiwa cha Kavala, upande wa magharibi wa ziwa. Shida zao zilikuwa nyingi, lakini kila mmoja alizijua shida za mwenzake siku ile ile zilipotokea.

Si kila mke wa leo aweza kumfuata mume kama Bibi Annie, wala si kila mume aweza kuacha kazi ya mbali. Riziki ndiyo inayoamua. Kwa hiyo swali linalobaki kwa nyumba nyingi za Buterere ni namna ya kutenganishwa bila ya kupotezana.

Funzo la Warundi wenyewe

Burundi ina ushahidi wake mchungu. Mwaka 1972, na tena tangu mwaka 1993, maelfu kwa maelfu ya watu walikimbilia nchi jirani, hasa Tanzania, na familia nyingi zilitawanyika. Katika miaka hiyo ya vita Shirika la Msalaba Mwekundu lilipeleka karatasi fupi kutoka kwa ndugu hadi kwa ndugu, kutoka kambi hadi kilima. Karatasi hizo huitwa ujumbe wa Msalaba Mwekundu. Hazifungwi katika bahasha, kila mtu aweza kuzisoma, na sharti lake ni moja: ndani yake ziwemo habari za familia tu. Siasa haziruhusiwi, wala mambo ya kijeshi.

Mtu asiyefikiri aweza kudhani kwamba karatasi ya namna hiyo haina thamani, kwa kuwa haina jambo kubwa. Kumbe mama aliyeletewa maneno machache kwamba fulani yu hai, kwamba ameanza shule, kwamba mguu wake umepona, alikuwa ameletewa kila kitu. Karatasi hizo zilipita mahali ambapo habari nyingine hazikuruhusiwa kupita, na hivyo kuonyesha ni zipi ambazo binadamu hawezi kuishi bila kuzipata.

Leo vizuizi vingi vimeondoka. Mtu wa Buterere hahitaji kungoja meli ipite Madeira, wala msafara upite Unyanyembe. Sauti ya mume aliye Kigoma hufika kabla chai haijapoa. Lakini simu imeondoa umbali wa njia tu. Livingstone alikosa habari za nyumbani kwa sababu barua zilipotea, na watu wa leo huzikosa kwa sababu hawaziulizi na hawazisemi. Wenye kosa si posta tena.

Yafaayo kuzingatiwa

Mke na mume waliotengana kwa ajili ya kazi wangefanya vyema kuyazingatia mambo machache.

Kwanza, fedha zisiwe neno la kwanza. Ni kweli kwamba karo, kodi ya nyumba na unga havingoji. Lakini mume anayepigiwa simu tarehe ya mshahara tu huanza kuiogopa simu hiyo, na mke anayeulizwa hesabu tu hujiona karani. Afadhali salamu ziwe ndefu kidogo, habari za nyumba zifuate, ndipo hesabu ije mwisho. Zamani barua zilianza kwa kueleza hali ya mwandishi na kuuliza hali ya msomaji kabla ya kutaja dhumuni lake, na wazee waliofuata utaratibu huo hawakuwa wajinga.

Pili, kuuliza kuwe kwa majina. Swali la "watoto hawajambo?" hupata jibu la "hawajambo," na hapo mazungumzo hufa. Baba akiuliza kama kikohozi cha mtoto wa pili kimekwisha, au kama yule mkubwa ameacha kukimbia somo la hesabu, mtoto mwenyewe anayesikiliza kando hutambua kwamba anakumbukwa. Robert Livingstone hakupata bahati hiyo vya kutosha.

Tatu, ugonjwa na taabu visifichwe. Wengi husema, "Nisimtie mwenzangu wasiwasi, yuko mbali, hana la kufanya." Nia ni njema, lakini matokeo si mema. Siku mwenzake atakapojua kwamba maji yaliingia ndani mpaka kitandani naye hakuambiwa, atajiona ametolewa katika nyumba yake. Mama aliyeko Ghuba naye aseme kama kazi inamtesa au kama ni mgonjwa, ili nyumbani wajue la kufanya mapema. Mficha maradhi kilio humfichua.

Nne, mtu aliye mbali asiwe mpokeaji tu. Naye aeleze anaamka saa ngapi, anakula nini, anaishi na nani chumbani, ni nani aliyemsaidia alipoumwa. Mke asiyejua mumewe analala wapi hujaza nafasi hiyo kwa mawazo, na mawazo ya namna hiyo mara nyingi huwa mabaya. Maneno ya majirani nayo hupata pa kuingilia.

Tano, watoto wapewe nafasi ya kusema wenyewe. Ujumbe wa sauti ni wa gharama ndogo na husikilizwa wakati wowote. Mtoto aweza kumwambia baba kwamba amefunga bao, au kumwimbia mama wimbo wa shule. Mama huyo, aliyechoka kwa kazi za nyumba ya watu, ataurudia ujumbe huo mara nyingi kabla ya kulala.

Mwisho, kumbukumbu zihifadhiwe. Barua za Bibi Mary zilizopotea haziwezi kurudishwa. Vivyo hivyo simu ikiibwa au ikitumbukia majini, sauti zote zilizokuwamo huenda nazo. Daftari la senti chache, ambamo mama huandika siku mtoto alipotembea, siku alipopata chanjo na siku paa lilipoezekwa upya, litamfaa baba atakaporudi. Ataketi alisome, na miaka aliyokosa haitakuwa tupu kabisa.

Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Wanaotoka Buterere kwenda kutafuta, wengi wao wanatazamia kurudi. Nyumba watakayoirudia haitakuwa ile waliyoiacha, maana watoto hukua, kuta huchakaa, na mwenzi naye hubadilika kwa taabu alizozibeba peke yake. Aliyekuwa akisimuliwa mambo hayo yote kidogo kidogo, wiki kwa wiki, atayatambua atakapofika mlangoni. Asiyesimuliwa atabisha hodi kama mgeni, na watoto watamuuliza mama yao huyo aliyekuja ni nani.